Chaguo la pili kwenye karatasi ya kura: barua ya wazi kwa IEBC, Bunge na Msajili wa Vyama

Kwa Mwenyekiti na makamishna wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC);
Wenyeviti wa kamati za haki na sheria za Bunge la Taifa na Seneti;
Msajili wa Vyama vya Kisiasa.

KUH: NAMNA YA KUWACHAGUA MAGAVANA NA WAWAKILISHI WADI

Waheshimiwa,

Katiba ya 2010 inamtaka anayewania urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti zetu 47, na asipofikisha hapo, wawili walioongoza hurudi debeni katika muda wa siku 30. Sharti hilo lina historia yake. Mwaka 1992 Rais Moi alirejea Ikulu kwa takribani asilimia 36 ya kura, huku Matiba, Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga wakigawana sehemu kubwa ya zilizobaki, na miaka mitano baadaye akarejea tena kwa takribani asilimia 40. Wakenya waliyaona hayo, wakayakumbuka, na walipopata nafasi ya kujiandikia Katiba mpya walihakikisha kwamba kiti hicho hakitakaliwa tena na mtu ambaye wengi wa wapiga kura walimtaka mwingine.

Sharti hilo, hata hivyo, liliishia kwenye lango la Ikulu. Gavana ndiye anayesimamia hospitali za kaunti, shule za chekechea, barabara za mashinani na bajeti ya mabilioni ya shilingi, lakini kwake yeye Kifungu cha 180 kinasema tu kwamba aliyepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye aliyechaguliwa, hata kama hizo nyingi ni theluthi moja ya kura zote au pungufu. Kwa mwakilishi wadi mambo huenda vivyo hivyo. Ninawaandikia kuwaomba mambo mawili: kwamba karatasi ya gavana na ile ya mwakilishi wadi ziwe na nafasi ya chaguo la kwanza na chaguo la pili, na hesabu yake ifanywe palepale kituoni, na kwamba viti maalumu vya mabunge ya kaunti vigawanywe kwa kura ambazo vyama vimepata, wala si kwa viti ambavyo vimeshinda.

Tuchukue Meru. Katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022, Kawira Mwangaza, aliyekuwa mgombea huru, alitangazwa gavana kwa kura 209,148. Mithika Linturi wa chama cha UDA alipata 183,859, na gavana aliyekuwa akitetea kiti chake, Kiraitu Murungi, akapata 110,814. Ukijumlisha kura za watatu hao peke yao, mshindi ana asilimia 41 na nusu hivi, na wapiga kura 294,673 walitaka mtu mwingine. Sisemi kwamba hakushinda. Alishinda kwa sheria iliyopo, tena bila chama, jambo ambalo si dogo katika siasa zetu. Ninachosema ni kwamba karatasi ya kura haikuwauliza wafuasi wa Kiraitu swali lililokuwa na uzito kuliko yote usiku ule: ikiwa mtu wenu hatapata, kati ya hawa wawili mnamtaka nani? Huenda wangemwongezea Mwangaza kura, akaingia ofisini na ushindi ambao hakuna angethubutu kuuchezea. Huenda wangempa Linturi. Kwa vyovyote vile, Meru ingejua. Badala yake, gavana asiye na chama wala nusu ya kura alikabiliana na bunge la kaunti lililopiga kura ya kumwondoa mara tatu kati ya Desemba 2022 na Agosti 2024, hadi Seneti ikaidhinisha hiyo ya mwisho. Mgogoro wa Meru ulikuwa na mengi ndani yake yasiyohusiana na hesabu ya kura, na barua hii haikusudii kuamua nani alikosea. Lakini katika miaka yote hiyo kila upande uliweza kudai kwamba ndio unaosema kwa niaba ya wananchi, na hapakuwa na takwimu ya kuumaliza ubishi huo.

Meru si ya pekee. Kiambu mwaka huohuo ilikuwa na Wamatangi, Wainaina, Kabogo, Nyoro na Kuria katika kinyang'anyiro kimoja, na mshindi hakufikisha nusu ya kura. Wala lawama haiwaangukii walioshinda hivyo, kwa kuwa kila mmoja wao alicheza kwa kanuni alizozikuta.

Huko kwenye wadi hali ni nzito zaidi, ingawa huzungumzwa kidogo. Mwaka 2022 wagombea takribani 13,000 waliwania wadi 1,450, yaani wastani wa karibu tisa kwa kila wadi. Daftari la wapiga kura lilikuwa na watu zaidi ya milioni 22, wastani wa takribani 15,000 kwa wadi. Tuseme, kwa mfano tu, wamejitokeza 9,000 na kura zimetawanyika: mtu anaweza kuwa mheshimiwa kwa kura 1,800, mmoja kati ya kila wapiga kura watano, na kwa miaka mitano akapitisha bajeti, akaamua barabara ipi ichimbwe na basari zimfikie nani. Anayejua kwamba watu 1,800 wanatosha hana sababu kubwa ya kuwahangaikia wale 7,200 waliobaki. Atautunza ukoo wake, kijiji chake na vijana wake wa kampeni, na atarudi.

Madhara huanza hata kabla ya siku ya kura. Kila aliyewahi kuwania kiti cha wadi anajua wageni wanaobisha hodi usiku wiki chache kabla ya uchaguzi: wazee wawili watatu, pengine na mfanyabiashara mmoja, wanaokuja kumwambia kwamba yeye ni mtu mzuri na hakuna anayebisha, ila atagawanya kura za watu wake na kiti kitaenda ng'ambo ya mto. Anayeambiwa hivyo mara nyingi ni kijana au mwanamke. Wanawake walioshinda wadi kwa kura walikuwa 82 mwaka 2013, 96 mwaka 2017 na 115 mwaka 2022, kati ya 1,450. Ziko sababu nyingine nyingi za uchache huo, zikiwemo fedha na vitisho, na sitadai kwamba karatasi mpya ya kura itaziondoa. Hata hivyo, hoja ya kugawanya kura ndiyo hoja ya heshima ambayo sababu hizo nyingine hujifichia nyuma yake, na chaguo la pili huipunguzia nguvu sana: anayempenda mwanamke huyo atamweka wa kwanza, mgombea wa ukoo atamweka wa pili, na mara nyingi kura haitakuwa imegawanyika.

Katika kaunti za kaskazini mashariki wananchi walikwisha kujitafutia dawa yao wenyewe. Ndiyo inayoitwa demokrasia ya maafikiano, ambapo mabaraza ya wazee wa koo huketi kabla ya uchaguzi na kugawana viti: ukoo huu utatoa gavana, ule seneta, ule mwingine mbunge wa eneo bunge fulani. Mandera ilifanya hivyo mwaka 2013. Mwaka 2017 baraza la wazee wa ukoo wa Garre lilitaka waliokuwa madarakani wakae kando, Gavana Ali Roba akakataa, akaenda debeni na akashinda. Wako wanaoyaona maafikiano hayo kuwa ni ushamba au wizi wa haki ya mpiga kura. Mimi nayaona kuwa ni jibu la busara kwa kanuni mbaya: pale mshindi anapobeba vyote na wa pili akaondoka mikono mitupu, watu wenye kumbukumbu ya umwagaji damu hawawezi kuacha mambo mikononi mwa bahati. Kasoro yake ni kwamba wanaoketi kuafikiana ni wanaume wachache wenye umri, na kwamba mpiga kura wa kawaida hupelekewa jibu badala ya swali. Chaguo la pili huyapeleka mapatano hayo debeni, ambako kila mtu mzima ana sauti, kwa sababu mgombea wa ukoo mkubwa aliye na mpinzani wa ukoo wake mwenyewe atalazimika kwenda kwa koo ndogo na kuomba awe wa pili wao.

Sasa nieleze ninachopendekeza, kwa kuwa kuna njia nyingi na si zote zinatufaa.

Karatasi ya kura iwe na safu mbili mbele ya kila jina. Mpiga kura anaweka alama moja katika safu ya kwanza kwa anayemtaka zaidi, na akipenda anaweka alama moja katika safu ya pili kwa anayemfuata. Asiyetaka chaguo la pili aliache wazi. Kura yake ni halali. Kura za kwanza zikihesabiwa na mtu akapita nusu, kazi imekwisha. Asipopatikana, wawili walioongoza hubaki, wengine huondolewa, na kila karatasi ya aliyeondolewa hutazamwa kama chaguo lake la pili ni mmoja kati ya wale wawili. Kura hizo huongezwa, na mwenye nyingi ndiye mshindi. Chaguo la pili haliwezi kamwe kumdhuru wa kwanza wako, kwa sababu halifunguliwi mpaka yeye awe ameshatolewa. Na hakuna mtu anayerudishwa kwenye foleni baada ya mwezi mmoja, wala Hazina haihitaji fedha za kurudia uchaguzi katika kaunti 20 au 30.

Kinachonifanya nichague njia hii na kuziacha zile ambazo wasomi huzisifu zaidi ni kituo cha kupigia kura. Nimefanya kazi ya ukarani wa uchaguzi, na ninajua usiku ule ulivyo: darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani, taa ya betri imening'inizwa juu ya meza, msimamizi wa kituo anainua karatasi moja moja na kutaja jina, mawakala wanachora vijistari kwenye madaftari yao, na karatasi yenye utata inazungushwa mpaka kila mmoja aione kabla haijawekwa kwenye fungu lake. Kisha fomu inajazwa, inasainiwa, na nakala inabandikwa mlangoni. Tumeipata haki hiyo kwa gharama kubwa. Mwaka 2017 mahakama zetu zilisema wazi kwamba hesabu ya kituoni ndiyo yenye neno la mwisho na kwamba hakuna afisa wa Nairobi wa kuirekebisha. Njia yoyote ya kupiga kura inayolazimisha masanduku yabebwe kwa lori usiku hadi makao makuu ya kaunti, au inayotegemea kompyuta moja kufanya hesabu ambayo wakala hawezi kuifuata kwa kalamu, itatuletea maafa hata kama ni nzuri kwenye karatasi.

Kwa chaguo mbili, hilo halihitajiki. Kituo hakizidi wapiga kura 700. Baada ya kura za kwanza kupangwa katika mafungu kama ilivyo sasa, kila fungu hupangwa tena kwa kufuata chaguo la pili, na matokeo huandikwa katika jedwali: katika karatasi za mgombea A, ngapi zimempa B nafasi ya pili, ngapi C, ngapi hazikumpa mtu. Ni saa moja au mbili zaidi za kazi, na sitaki kuzipuuza, kwa maana makarani huwa wamechoka vibaya saa hizo. Lakini jedwali hilo likishasainiwa na kubandikwa pamoja na fomu ya kawaida, hakuna sababu ya kuligusa sanduku tena. Wawili walioongoza katika kaunti nzima wakijulikana, kinachobaki ni kusoma majedwali na kujumlisha, na chombo chochote cha habari chenye picha za fomu, au kikundi cha vijana wenye simu, kinaweza kupata jibu lilelile ambalo Tume itatangaza.

Linganisheni na New York. Jiji hilo lilipitisha kwa kura ya maoni mwaka 2019 utaratibu wa kuwapanga hadi wagombea watano katika mchujo wa vyama, likautumia katika mchujo wa umeya mwaka 2021. Bodi ya uchaguzi ikachapisha matokeo ya awali ambamo kura za majaribio takribani 135,000 zilikuwa zimesahaulika ndani ya kompyuta, ikabidi iyaondoe na kuomba radhi. New York ilivumilia, na mchujo wake bado unafanywa kwa njia hiyo. Sina hakika kwamba kaunti yoyote ya Kenya ingelala salama usiku wa kosa kama hilo. Liko jambo jingine ambalo wanaopenda orodha ndefu hulisahau: mnunuzi wa kura anaweza kumwamuru aliyemlipa awapange wagombea wadogo kwa mfuatano wa ajabu, kisha wakala wake akausikia mfuatano huo ukisomwa kituoni na kujua kwamba mzigo umefika. Chaguo zikiwa mbili tu, michanganyiko ni michache na alama ya siri haipatikani kirahisi.

Njia hii ina dosari zake, nami sitazificha. Kwanza, mshindi hupata zaidi ya nusu ya kura zilizobaki kati ya wale wawili, ambayo huenda isiwe nusu ya kura zote. Katika wadi yenye wagombea 12, watu wengi watakuwa wamewachagua wawili ambao wote wametoka. Pili, mgombea anayekubalika na karibu kila mtu lakini anayependwa zaidi na wachache anaweza kuondolewa mapema. Mji wa Burlington katika jimbo la Vermont, Marekani, uliona jambo la namna hiyo mwaka 2009, katika utaratibu wa kupanga wagombea wote: Bob Kiss alishinda umeya ilhali kura zilezile zilionyesha kwamba Andy Montroll, aliyetoka akiwa wa tatu, angemshinda kila mpinzani kama wangekutana wawili wawili, na mwaka uliofuata wananchi wakaufuta utaratibu huo, ingawa baadaye waliurudisha. Tatu, karatasi mbaya huharibu kura. London ilikuwa ikimchagua meya wake kwa chaguo mbili kuanzia mwaka 2000, na mwaka 2021, wagombea walipofika 20 na karatasi ikapangwa vibaya, kura zaidi ya 114,000 zilikataliwa. Baada ya hapo sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 ikaurudisha mji huo kwenye alama moja. Funzo la London kwa Tume yetu ni kwamba karatasi ijaribiwe na watu halisi, wakiwemo wasiojua kusoma, kabla ya mtu yeyote kuipeleka kwa mpiga chapa. Hatujasahau kwamba uchaguzi wa ugavana wa Mombasa na Kakamega uliahirishwa mwaka 2022 kwa sababu ya makosa ya uchapishaji kwenye karatasi za kawaida kabisa.

Nimesikia pia hoja ya kumruhusu mpiga kura aweke alama kwa kila anayemkubali, bila mpangilio, kama ulivyofanya mji wa St. Louis huko Marekani. Ni njia rahisi na inahesabika kituoni bila jedwali lolote. Naihofia kwa sababu moja: hapa kwetu kila meneja wa kampeni angewaambia wafuasi wake waweke alama moja tu, maana alama ya pili kweli inaweza kumwangusha wa kwanza, nasi tungerudi tulipokuwa.

Kuhusu mabunge ya kaunti, kumpata mwakilishi mmoja mmoja kwa haki hakutoshi, kwa sababu bunge zima linaweza kuwa la upande mmoja. Kazi ya bunge la kaunti ni kumkagua gavana. Katika ngome za vyama vyetu vikubwa chama cha gavana hushika viti vingi mno, na viti maalumu, ambavyo vingeweza kusawazisha, huongeza uzito upande uleule, kwa kuwa Kifungu cha 177 kinavigawa kwa kufuata viti ambavyo chama kimeshinda katika kaunti. Chukueni kaunti ya kubuni yenye wadi 30. Chama cha kwanza kina asilimia 48 ya kura na wadi 24. Cha pili kina asilimia 30 na wadi 6. Cha tatu kina asilimia 22 na hakina wadi hata moja kwa sababu kura zake zimetapakaa. Viti maalumu vikiwa 15, leo cha kwanza kinachukua 12 na cha pili 3. Vikigawanywa kwa kura, ni 7, 5 na 3, na chama chenye zaidi ya mmoja kati ya kila wapiga kura watano kinapata watu watatu wa kuuliza maswali bungeni. Hakuna kiti hata kimoja kilichoongezwa. Nalisisitiza hili kwa sababu marekebisho ya Katiba katika nchi hii yana desturi ya kuzaa nafasi mpya za kazi. Mpango wa BBI wa kurekebisha Katiba ulitaka maeneo bunge 70 zaidi. Pendekezo langu halimpi mtu yeyote gari wala mlinzi.

Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi. Katika manispaa zake nusu ya madiwani hutoka wadini na nusu hutoka kwenye orodha za vyama, na orodha hutumika kufidia hadi kila chama kiwe na viti vinavyolingana na kura zake. Lesotho nayo ilifikishwa huko kwa ngazi ya taifa na ghasia: mwaka 1998 chama kimoja kilipata viti 79 kati ya 80 kwa takribani asilimia 60 ya kura, mji wa Maseru ukachomwa, na kuanzia uchaguzi wa 2002 viti vya fidia vikaingizwa. Fidia kamili kwetu ingegongana na sharti kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili za wajumbe, kwa kuwa chama chenye wadi 24, nyingi zikiwa za wanaume, ndicho kinachodaiwa wanawake wengi kuliko vyote. Kwa hiyo naridhika na mgao wa kura ulio rahisi.

Wako watakaouliza kwa nini tusifuate Scotland, ambako tangu 2007 wadi nyingi za halmashauri huchagua madiwani watatu au wanne kwa kuwapanga wagombea kwa nambari. Ni utaratibu ninaouheshimu, na ungeweza kufaa Nairobi au Mombasa, ambako wadi zimebanana na mtu huvuka tatu akienda sokoni. Lakini Turkana ina wadi 30 katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 65,000. Ukiziunganisha tatu tatu, mwananchi atahitaji siku nzima kumfikia mwakilishi wake. Wakenya pia wanamtaka mwakilishi wanayemjua kwa jina, wa kumlaumu mmoja. Tuliache hilo kwa sasa.

Kuna jibu ambalo najua litatolewa, kwamba wananchi hawataelewa. Mzazi yeyote aliyekaa na mwanawe kujaza maombi ya chuo kikuu kupitia KUCCPS anaelewa vizuri sana chaguo la kwanza ni nini, la pili ni nini, na kwamba kuandika la pili hakumnyimi mtoto la kwanza. Mpiga kura huyohuyo hupokea karatasi sita za rangi sita kwa siku moja na kuzitumbukiza katika masanduku sita. Wala si kweli kwamba namna ya kupiga kura ni kitu kisichobadilika. Mwaka 1988 Wakenya walipanga foleni nyuma ya wagombea au picha zao, na aliyezidi asilimia 70 katika mlolongo akahesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Watu wakalalamika, tume ya Saitoti ikazunguka nchi, na mlolongo ukafutwa.

Kuhusu njia ya kufika, naona hatua zenye uzito tofauti. Vyama vinaweza kuanza hata leo, kwa kubadilisha kanuni zao za mchujo. Katika ngome za vyama tiketi ndiyo uchaguzi wenyewe, na mchujo wenye wagombea wanane ambao mshindi anapata robo ya kura ndio unaozaa wagombea huru wenye hasira na mahakama zilizojaa kesi. Sheria ya Uchaguzi inairuhusu Tume kusimamia mchujo wa chama kinachoomba. Msajili anaweza kuandaa kanuni za mfano za chaguo mbili kwa chama kitakachotaka kujaribu. Kwa wawakilishi wadi, Kifungu cha 177 kinataka kila wadi iwe na mwakilishi mmoja, lakini hakisemi lazima ashinde kwa kura nyingi tu. Kwa usomaji wangu, mswada wa kawaida wa kurekebisha Sheria ya Uchaguzi unatosha, na chaguzi ndogo za wadi zingekuwa mahali pazuri pa kuanzia. Kwa gavana na kwa viti maalumu Katiba yenyewe itaguswa, na kwa kuwa muundo wa ugatuzi ni miongoni mwa mambo yanayolindwa na Kifungu cha 255, ni afadhali kuuliza mapema kama kura ya maoni inahitajika kuliko kusubiri kuambiwa na majaji baada ya fedha kutumika. Kifungu cha 163 kinairuhusu Mahakama ya Juu kutoa ushauri kuhusu masuala ya serikali za kaunti, na chombo cha dola kama Tume kinaweza kuuomba.

Kifungu cha 86 kinawaagiza ninyi, makamishna, kwamba njia yoyote ya kupiga kura iwe rahisi, sahihi, inayothibitika, salama, yenye uwajibikaji na ya uwazi. Sidhani kwamba uchaguzi wa Agosti 10, 2027 unaweza kubebeshwa mabadiliko makubwa kwa haraka bila kukiuka agizo hilo, wala siombi hivyo kwa gavana. Ninaomba kamati mbili za Bunge ziite kikao cha wazi kuhusu mswada wa wadi, Msajili avipelekee vyama kanuni za mfano za mchujo, na Tume iandae karatasi ya safu mbili pamoja na fomu ya jedwali, izijaribu katika uchaguzi wa mazoezi katika vituo vichache vya mjini na vya mashambani, na ichapishe idadi ya karatasi zilizoharibika na muda uliotumika kuhesabu. Rasimu ya karatasi hiyo, hata ikiwekwa kwenye tovuti ya Tume kwa rangi nyeusi na nyeupe, ingetosha kwa kuanzia.

Wenu mwaminifu,
Mpiga kura, Kaunti ya Kilifi